Goti limesagika na ligamenti imekatika: namna ya kuufikia upasuaji unaokufaa

Kuna wagonjwa ambao kila daktari wanayemwona huwaambia lake. Mmoja atasema, "Goti limesagika, lakini bado u kijana mno kwa goti bandia." Mwingine atasema, "Ligamenti ilikatika zamani, na kwa umri huu hatuitengenezi tena." Mgonjwa anarudi nyumbani anachechemea, picha zake ziko kwenye bahasha, ana miaka 40 na ushee, na bado anataka kupanda milima, kucheza, au kufanya kazi ya kusimama kutwa. Mwongozo huu ni wake.

Maradhi haya mawili huzaana. Ligamenti ni ukanda imara unaofunga mfupa kwa mfupa. Ligamenti ya msalaba ya mbele, ile watangazaji wa mpira wanayoiita ACL, kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na usijizungushe ovyo chini ya mfupa wa paja. Ikikatika, kazi ya breki inaiangukia meniskasi ya upande wa ndani, ule mto mdogo uliojikunja kama mwezi mchanga katikati ya mifupa miwili. Mto haukuumbiwa kazi ya breki. Miaka ikipita unachanika, gegedu lililo jirani yake, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, linalika, upande wa ndani wa goti unabonyea, mguu unaingia matege, na matege nayo yanazidisha mzigo palepale palipokwisha kulika. Hata aliyetengenezewa ligamenti mapema hajasalimika kabisa, maana kishindo cha siku ile ya kuumia kiliacha jeraha kwenye gegedu na mfupa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, swali la "ligamenti au goti bandia?" limeanzia katikati. Mstari wa mguu hutangulia. Ligamenti mpya ikifungwa kwenye mguu wenye matege ya kuonekana huvutwa kila hatua mpaka ilegee au ikatike, na hapo mgonjwa anakuwa amefanyiwa upasuaji mara mbili na bado hajatibiwa.

Hatua ya 1: Tenganisha maumivu na kuachia

Kabla ya kwenda kwa daktari bingwa wa mifupa, jipe wiki mbili uwe na daftari. Kila goti likikusumbua, andika ulikuwa unafanya nini na lilianza nini: lilikuuma, au lilikuachia?

Maumivu ya kusagika huja na mzigo. Unatembea mwendo mrefu, upande wa ndani wa goti unaanza kuchoma, jioni goti limejaa, asubuhi linakaza kwa dakika chache kisha linalainika. Kuachia kwa kweli ni kitu kingine: unageuka ghafla, unakanyaga ardhi isiyo sawa, na unasikia kabisa mfupa umehama na kurudi. Mara nyingi goti huvimba baada ya hapo.

Sasa kuna kuachia kwa uongo, na huku ndiko kunakowapoteza wengi. Unashuka ngazi, mwendo ni wa moja kwa moja, hakuna kugeuka, maumivu yanachoma kwanza ndipo goti linakunja. Hapo ligamenti inaweza kuwa haina kosa. Ni misuli ya mbele ya paja iliyojizima kwa sababu ya maumivu. Mtu wa namna hii ukimtengenezea ligamenti, atabaki na shida yake ileile na kovu juu yake.

Na kuna kinyume chake: goti ambalo ligamenti haipo kabisa lakini haliachii. Miaka imelifunga lenyewe, mifupa imeota vijipembe pembeni, utando unaolizunguka umekaza. Goti hilo linaweza kuwa na haja ya kutibiwa kusagika kwake tu. Ligamenti mpya ndani yake inaweza kulifanya ligande.

Katika daftari hilohilo, andika unachotaka kurudia, na usijidanganye. Kuendesha baiskeli, kuogelea na kutembea milimani ni kundi moja. Mpira wa miguu, mpira wa kikapu na michezo yote ya kugeuka na kuruka ni kundi jingine. Kazi ya kubeba mizigo, kuchuchumaa au kupiga magoti ni kundi la tatu, nalo husahaulika sana. Neno "mtu mwenye shughuli nyingi" halimsaidii daktari mpaka ajue ni shughuli gani.

Hatua ya 2: Pata picha sahihi, nazo ni za kusimama

Eksirei ya goti iliyopigwa umelala hudanganya. Mifupa inaonekana imeachana vizuri kwa sababu haijabeba kitu. Omba picha hizi, na kama hazipo kwenye bahasha yako uliza kwa nini:

- Magoti yote mawili kwa pamoja, umesimama, mara moja yakiwa yamenyooka na mara moja yamekunjwa nyuzi 45 hivi. Picha ya kukunja ndiyo inayofichua kulika kwa sehemu ya nyuma.
- Mguu mzima umesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo.
- Goti kwa ubavuni.
- Picha ya pia ya goti, kile kifupa cha mbele.

Picha ya mguu mzima ndiyo yenye uamuzi. Chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mguu ulionyooka, mstari hupita karibu na katikati ya goti. Kwa mwenye matege, unaangukia upande wa ndani, wakati mwingine hata kuupita ukingo wa mfupa. Daktari anayepanga upasuaji wa goti kama lako bila picha hii anakisia.

Picha ya ubavuni nayo ina siri mbili. Ya kwanza ni mwinamo: uso wa juu wa mfupa wa ugoko huinama kidogo kuelekea nyuma, kwa watu wengi nyuzi 5 hadi 10 hivi. Ukizidi nyuzi 12, mfupa huteleza mbele kwa wepesi na ligamenti ya kupandikiza huwa hatarini zaidi. Ya pili ni mahali palipolika. Goti ambalo ACL ingali nzima, likisagika upande wa ndani, huanza kulika sehemu ya mbele. ACL ikiwa haipo muda mrefu, kulika husogea nyuma. Jicho lililozoea husoma hapo historia ya ligamenti hata kabla ya MRI, ile picha ya mashine ya sumaku.

MRI hufuata baadaye, kwa ajili ya meniskasi, ligamenti nyingine na gegedu la upande wa nje. Isikutishe peke yake, kwani MRI ya mtu wa miaka 50 mara chache hukosa kasoro. Kisha ni zamu ya mikono ya daktari: atakunja goti nyuzi 20 hadi 30 na kuvuta ugoko mbele, atajaribu kuuzungusha, na lazima akutazame ukitembea. Goti likiruka kuelekea nje kila unapokanyaga, ligamenti za pembeni na za nyuma zimechoka pia, na mpango mzima unabadilika.

Hatua ya 3: Lipe goti miezi mitatu ya haki

Najua umekwisha fanya mazoezi. Swali ni kama uliyafanya kwa mpangilio, mara 3 kwa wiki, uzito ukiongezwa, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwa miezi 3. Misuli ya paja yenye nguvu huweza kulifuta kabisa lile tatizo la kuachia kwa uongo, na hata ukiishia chumba cha upasuaji, nguvu uliyoingia nayo ndiyo utakayoanzia ukitoka.

Uzito una hesabu yake. Kila kilo 1 unayoipunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua.

Mkanda maalumu wa goti unaosukuma mzigo kutoka upande wa ndani kwenda nje una faida ya ziada ambayo haitajwi sana. Ukiuvaa na maumivu yakapungua kwa kiasi kikubwa, ni kidokezo kwamba kuunyoosha mguu kwa upasuaji kunaweza kukusaidia pia. Hauthibitishi, lakini ni jaribio lisilo na kisu. Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa, ila kama goti bandia linakaribia, iache ipite miezi 3 kabla ya upasuaji, maana huongeza hatari ya maambukizi.

Utakachokwepa ni "kusafisha goti" kwa kamera pale tatizo likiwa ni kusagika. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwagawa wagonjwa 180 kwa kura: wengine wakasafishwa goti, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa. Hawakutofautiana kwa maumivu wala kwa utembeaji. Kamera ina nafasi yake goti linapokwama kweli kwa kipande kilichochanika na kuzuia lisinyooke, na si zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Chagua njia

Hapa usiwe na haraka. Njia ni nne, na kila moja ina mtu wake.

*Kukata na kunyoosha mfupa peke yake.* Madaktari huita osteotomia. Mfupa wa ugoko hukatwa chini kidogo ya goti, hunyooshwa, na hushikwa kwa bamba la chuma na skrubu, ili mzigo uhame kutoka upande uliolika kwenda upande mzima. Goti linabaki lako. Anayefaa zaidi ni mtu wa chini ya miaka 60 hivi, mwenye matege, aliyelika upande wa ndani tu, goti lake linanyooka na kukunja vizuri, havuti sigara, hana uzito uliopindukia, na hana baridi yabisi ile inayoshambulia viungo vingi.

Kwa mwenye ACL iliyokatika kuna zawadi ndani ya upasuaji huu: daktari akikata anaweza pia kubadili mwinamo. Akiupunguza, mfupa hauvutiki tena mbele kwa wepesi, na goti hutulia hata bila ligamenti mpya. Kama iliyokatika ni ligamenti ya msalaba ya nyuma, hesabu hugeuka, na mwinamo ukiongezwa kidogo ndiyo husaidia. Sasa angalia mtego. Kukata kwa kufungua kabari upande wa ndani, yaani kuupanua mkato uwe pengo lenye umbo la kabari, njia inayopendwa sana siku hizi, huelekea kuongeza mwinamo daktari asipokuwa mwangalifu, kwa kuacha pengo la mbele liwe pana sawa na la nyuma. Kukata kwa kutoa kabari upande wa nje, yaani kuondoa kipande cha mfupa na kuliziba pengo, huelekea kuupunguza, ila kuko karibu na neva inayonyanyua mguu. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Mwinamo wangu ni nyuzi ngapi, na baada ya upasuaji utakuwa ngapi?" Asiye na jibu hajapanga.

*Kunyoosha mfupa pamoja na ACL mpya.* Hii ni ya mtu mwenye mambo yote mawili kwa ukweli: anaumwa kwa kusagika, anaachiwa akigeuka, na ana matege. Inaweza kufanyika siku moja au kwa awamu. Siku moja maana yake ni ganzi moja na kupona kumoja, lakini upasuaji ni mrefu, mzito, na goti huweza kukaza. Kwa awamu, mfupa hunyooshwa kwanza, husubiriwa miezi 6 hivi, kisha ligamenti huamuliwa.

Nikipewa kuchagua, mtu aliyevuka miaka 40 ambaye kilio chake kikubwa ni maumivu ningempeleka kwa awamu, kwa sababu si wachache wanaogundua baada ya kunyooshwa kwamba goti haliachii tena, na awamu ya pili haihitajiki. Kijana anayeachiwa kila wiki, ambaye kila kuachia kunamchania meniskasi zaidi, hana muda wa kusubiri hivyo.

*Nusu goti bandia pamoja na ACL mpya.* Hapa hubadilishwa upande mmoja tu wa goti. Upande wa ndani mfupa unasugua mfupa, upande wa nje ni mzima, ligamenti za pembeni ni nzima, na umri wa mgonjwa au hali ya mfupa wake hairuhusu ukatwe. Kwa miaka mingi goti lisilo na ACL lilihesabiwa halifai nusu goti, kwa sababu kuteleza huko mbele na nyuma hukilegeza chuma. Siku hizi baadhi ya wapasuaji huviweka vyote viwili, na wagonjwa waliochaguliwa vizuri hufanya vizuri. Lakini huu ni upasuaji wa mkono uliozoea. Uliza ameufanya mara ngapi, usione haya.

*Goti bandia kamili.* Pande mbili au tatu za goti zimekwisha. Hapa habari ya ACL huisha yenyewe, kwani katika aina nyingi za goti bandia huondolewa hata ikiwa nzima. Zinazobaki na maana ni ligamenti za pembeni. Zikiwa zimelegea, mgonjwa atahitaji goti lenye mhimili wa kujizuia lenyewe, na hilo lijulikane kabla ya siku ya upasuaji, lisigunduliwe mezani.

Kuhusu kudumu: uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa magoti bandia kamili 82 kati ya 100 hufikisha miaka 25, na nusu goti 70 kati ya 100. Namba nzuri. Ila hizo ni za wagonjwa wa kila umri, wengi wao wazee. Takwimu za Uingereza zilizotolewa mwaka 2017 zilionyesha kwamba mwanamume anayewekewa goti mwanzoni mwa miaka ya 50 ana uwezekano wa karibu asilimia 35 wa kurudia upasuaji maishani mwake, wakati kwa aliyevuka 70 ni kama asilimia 5. Hofu ya daktari anaposema "bado u kijana" imetoka huko.

(Kama mguu wako umekosea upande wa pili, magoti yanagusana na uliolika ni upande wa nje, mantiki ni hiyohiyo lakini mara nyingi hukatwa mfupa wa paja, si wa ugoko.)

Hatua ya 5: Jiandae

Tumbaku iache wiki 6 kabla, na usiirudie mpaka mfupa ushike. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na mfupa uliokatwa usipopata damu hauungi. Wapo wapasuaji wanaokataa kabisa kumkata mfupa mvutaji, nami nawaelewa. Sukari iwe imedhibitiwa. Jino bovu na kidonda cha ngozi vitibiwe kwanza. Goti lisilonyooka sawasawa lifanyiwe kazi kabla, kwa maana lisiponyooka kabla halitanyooka kwa urahisi baada.

Jifunze kutembea na magongo ungali mzima. Kiti kirefu, choo cha kukaa, na mtu wa kukubebea vitu wiki mbili za mwanzo ni mambo madogo yanayofanya tofauti kubwa. Kazini, wa mezani hurudi kati ya wiki 2 na 6, na wa kazi ya nguvu apange miezi 3 hadi 6.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ni ganzi ya mgongoni au nusukaputi, na saa moja hadi tatu kutegemea njia. Katika kufungua kabari, mfupa haukatwi mpaka ng'ambo. Huachwa kama sentimita 1 upande wa nje iwe bawaba, kisha pengo hufunguliwa polepole. Kwa kusagika peke yake, wapasuaji wengi huulenga mstari wa mguu upite kwenye asilimia 62 hivi ya upana wa goti ukihesabu kutoka ndani, kipimo kilichotokana na kazi ya Fujisawa wa Japani ya mwaka 1979. Kunapokuwa na ligamenti ya kutengenezwa, wengi hulenga karibu zaidi na katikati. Ligamenti mpya hutokana na kano zako mwenyewe: za nyuma ya paja, ya chini ya pia ya goti, au ya juu yake.

Hatua ya 7: Baada ya upasuaji

Kwanza, ya kukimbizwa hospitali bila kusubiri asubuhi: maumivu ya ugoko yanayozidi licha ya dawa, huku vidole vikifa ganzi au mguu ukiwa mgumu kama ubao, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, homa na kidonda kutoa usaha, kushindwa kunyanyua mguu kwenye kifundo. La kwanza ni shinikizo ndani ya misuli na huhesabiwa kwa saa. Shavu la mguu na kifua ni dalili za damu iliyoganda, ndiyo maana utapewa dawa ya kuizuia. Inywe mpaka iishe.

Wiki 2 za mwanzo lengo ni moja: goti linyooke kabisa. Watu hushangilia kukunja, lakini goti lisilonyooka humchechemesha mtu maisha yote. Usiweke mto chini ya goti, hata kama unafariji. Uweke chini ya kisigino.

Baada ya kunyoosha mfupa, uzito kamili kwa wengi husubiri wiki 4 hadi 6, kutegemea bamba na eksirei, na baiskeli ya mazoezi isiyosogea huanza katika kipindi hicho. Goti bandia huruhusu kukanyaga mapema zaidi, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Mfupa huungana ndani ya miezi 3 hadi 6. Kukimbia kabla ya hapo ni kuchezea bawaba. Bamba huweza kuwasumbua wembamba chini ya ngozi, na likisumbua huondolewa baada ya mwaka mmoja au zaidi, mfupa ukiwa umeshika.

Mwenye ACL mpya asirudi kwenye michezo ya kugeuka kabla ya miezi 9, na hata hapo si kalenda inayoamua. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na mruko wa mguu mmoja uwe wa kuaminika. Kwa goti ambalo tayari limesagika, mimi naongeza sharti: goti lisivimbe siku inayofuata. Likivimba, umezidisha, rudi hatua moja. Wengi hurudi kwenye michezo, lakini kwa kiwango cha chini kidogo kuliko zamani. Mwenye goti bandia atarudi kwenye baiskeli, kuogelea na kutembea milimani. Mpira wa kugongana na kuruka-ruka haushauriwi.

Maumivu yakirudi baada ya miaka, mfupa ulionyooshwa haufungi mlango wa goti bandia, ila unalifanya liwe gumu zaidi kuwekwa. Mpasuaji wa wakati huo atahitaji kujua aina ya bamba, skrubu zilizobaki, mahali lilipotobolewa tundu la kupitishia ligamenti mpya na mwinamo ulioachwa. Omba ripoti ya upasuaji kwa maandishi siku unapotoka hospitali, pamoja na nakala za eksirei za kabla na za baada, na uziweke mahali pamoja na vyeti vyako.